Dodoma ihesabu chavua yake, na damu yake

Katikati ya Machi, mvua za Dodoma zinapokaribia kuaga, nyasi za pembezoni mwa mji huwa zimekwisha kutoa mashuke, mahindi yamesimamisha mbelewele, na mtama wa Bahi na Chamwino umeanza kuchanua. Ni msimu ambao maduka ya dawa huuza piritoni na setirizini, dawa za aleji, kuliko wakati mwingine wowote. Machi moja nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mmoja katika duka la namna hiyo, mtoto wake wa kiume wa miaka sita hivi ameegemea kaunta, akipumua kwa mluzi mwembamba uliosikika hadi pale nilipokuwa. Mama alieleza kwamba mafua hayaishi, kwamba usiku mtoto hukosa pumzi, na kwamba tezi za shingoni zimevimba. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, hakumgusa mtoto. "Ni aleji hiyo, mama, msimu wake ndio huu," alisema, akahesabu vidonge vya njano na kuvitia katika bahasha ya karatasi, kisha akaongeza vingine vidogo vyeupe. "Hivi vyeupe ndivyo kiboko yake. Mpe viwili asubuhi akishakunywa uji." Mama akafungua pindo la kanga, akalipa, akaondoka.

Vile vidonge vyeupe vilikuwa predinisoloni. Sina sababu ya kudhani kwamba mtoto yule alikuwa na ugonjwa mwingine zaidi ya ule alioambiwa, na huenda leo anacheza mpira bila shida yoyote. Hata hivyo tukio hilo hunirudia kila ninaposoma habari za utafiti wa mzio (aleji) wa chavua au za jeni za saratani ya damu, kwa sababu katika bahasha ile magonjwa hayo mawili yalikuwa yamekaa pamoja. Predinisoloni hutuliza mzio kwa kuzinyamazisha chembe nyeupe za damu, na kwa uwezo wake huo huo juu ya chembe nyeupe ni miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa anazopewa mtoto mwenye lukemia kali ya limfu, aina mojawapo ya saratani ya damu. Mtoto mwenye lukemia ambayo haijagunduliwa, akipewa dawa hiyo kidogo kidogo kwa jina la aleji, hupata nafuu ya wiki chache: tezi hunywea, homa hushuka, na wazazi humshukuru muuzaji. Ugonjwa unaporudi, daktari hukuta dalili zimefutika nusu, na seli zilizosalia ni zile zilizoweza kuistahimili dawa. Ipo hata aina ya lukemia hiyo, ile inayotokana na limfosaiti T (jamii mojawapo ya chembe nyeupe), ambayo huota uvimbe kifuani nyuma ya mfupa wa kidari na kuubana mrija wa hewa, mtoto akapumua kwa mluzi kama mwenye pumu.

Kwa hiyo anayedhani kwamba mzio ni jambo la wenye pua nyepesi na lukemia ni jambo la hospitali kubwa tu, amezitenganisha habari ambazo mwili haukuzitenganisha. Zote mbili ni habari za chembe nyeupe. Hoja yangu ni kwamba jiji hili, kwa namna linavyobadilika mbele ya macho yetu, limepata nafasi ya kuuliza maswali makubwa ya tafiti hizo mbili, nafasi ambayo haitadumu, na kwamba kazi ya kwanza ya kuyauliza ni ya bei nafuu kuliko tunavyodhani, yaani kuhesabu.

Udugu wa magonjwa haya una historia yake. Katika miaka ya 1960 wanasayansi walikuwa wakitafuta kitu kilichomo katika damu ya mwenye mzio kinachofanya pua yake iwake moto kwa chembe ya chavua isiyomdhuru jirani yake. Huko Denver, Marekani, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko walikitambua mwaka 1966. Wakati huo huo huko Uppsala, Uswidi, S. G. O. Johansson na Hans Bennich walikifikia kwa njia nyingine kabisa: walikuwa wakichunguza damu ya mgonjwa wa mieloma, ambayo ni saratani ya seli za uloto wa mifupa zinazotengeneza kingamwili, wakakuta protini nyingi isiyofanana na zilizokuwa zikijulikana. Mwaka 1968 kitu hicho, ambacho ni aina ya kingamwili, kilipewa jina la IgE. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya tunachokijua leo juu ya mzio tuliazimwa na mgonjwa wa saratani ya damu.

Ujuzi wa baadaye umeusogeza udugu huo karibu zaidi. Ili limfosaiti B iweze kutengeneza kingamwili za kila aina, huvikata na kuviunga upya vipande vya jeni zake kwa vimeng'enya viitwavyo RAG, ambavyo kazi yake ni kama ya mkasi wa fundi cherehani. Mkasi huo ndio msingi wa uwezo wetu wa kupambana na vijidudu ambavyo hatujawahi kukutana navyo, na bila huo hata IgE isingekuwapo. Uchunguzi wa jeni za lukemia ya watoto umeonyesha kwamba katika aina mojawapo iliyo ya kawaida sana, ile ambayo jeni ETV6 imeungana na jeni RUNX1, mkasi huo huo huteleza na kukata mahali pasipostahili. Tena muungano wenyewe wa jeni hizo mara nyingi hutokea mtoto akiwa bado tumboni. Hilo lilijulikana kwa kuchunguza mapacha, na kwa kurudia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi watoto walipozaliwa, miaka kadhaa kabla hawajaugua. Lakini wengi wanaozaliwa na kasoro hiyo hawaugui kamwe. Linahitajika pigo la pili, na swali lililowashughulisha watafiti ni nini hulileta.

Hapa ndipo hesabu za miaka zinaponishangaza. Mwaka 1988 Mel Greaves, mtafiti wa saratani jijini London, alitoa dhana kwamba pigo hilo la pili huwapata zaidi watoto waliolelewa katika usafi uliopita kiasi, ambao kinga yao haikufundwa mapema na maambukizi madogo madogo, hivyo inapokutana nayo kwa kuchelewa huhamaki. Mwaka mmoja baadaye, 1989, katika jiji hilo hilo, David Strachan alichapisha uchambuzi wa watoto 17,414 wa Uingereza waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1958, akaonyesha kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na kaka na dada wengi, hasa wakubwa wake, ndivyo alivyopungukiwa na uwezekano wa kupata mafua ya chavua. Alikisia kwamba ndugu humwambukiza mdogo wao mapema, na maambukizi hayo humkinga. Mmoja alizungumzia saratani na mwingine chafya, lakini hoja ilikuwa karibu ni moja.

Sitaki kuipamba dhana hiyo kuliko inavyostahili. Ziko tafiti nyingi zilizowauliza akina mama wa watoto wenye lukemia kama watoto wao waliwahi kuwa na mzio, na kwa jumla majibu yalionyesha kwamba mzio uliambatana na uwezekano mdogo wa lukemia, jambo ambalo si rahisi kulipatanisha na dhana ya usafi, maana kama chanzo ni kimoja tungetarajia magonjwa yote mawili yafuatane. Lakini zile zilizopekua majalada ya hospitali badala ya kumbukumbu za mama hazikukubaliana nazo kila mara, na baadhi zilitoa jibu la kinyume. Mama ambaye mtoto wake anaumwa saratani hakumbuki vipele vya miaka mitatu iliyopita kwa namna ile ile anayovikumbuka mama mwenye mtoto mzima. Hilo si kosa lake. Ni kosa la anayejenga nyumba juu ya kumbukumbu peke yake.

Sasa itazame Dodoma. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 jijini. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Kati ya sensa hizo mbili Serikali ilihamia hapa, na pamoja nayo zikaja lami, maji ya bomba, nyumba za ghorofa za Iyumbu na ofisi za Mtumba. Ukitoka mjini kwa mwendo usiofika saa moja unaweza kukuta nyumba ya tembe, paa lake tambarare la udongo, zizi la mbuzi likiwa hatua chache kutoka mlangoni, na mtoto wa sita au wa saba katika familia akitambaa kwenye vumbi hilo hilo wanalolikanyaga ndama. Mjukuu mwingine wa bibi wa nyumba hiyo ya tembe anaweza kuwa amezaliwa mjini, mtoto wa pekee, sakafu ya vigae, maziwa ya pakiti, na kila akikohoa anapewa antibayotiki. Watoto hao wawili wana jeni zilizotoka katika ukoo mmoja, wanavuta hewa ya nyasi zile zile, na wanatofautiana katika malezi tu. Watafiti wa Marekani walipotaka ulinganifu wa namna hii waliwaendea Waamishi na Wahuteri, jamii mbili za wakulima zenye asili ya karibu, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 walionyesha kwamba watoto wa Waamishi, wanaokua karibu na mifugo, wana pumu na mzio kidogo zaidi kuliko wenzao ambao mashamba yao yanaendeshwa kwa mashine mbali na nyumbani. Sisi ulinganifu huo tunao ndani ya familia moja, wakati mwingine ndani ya daladala moja siku ya sikukuu. Miaka ishirini ijayo sidhani kama matembe yatakuwa yamebaki mengi ya kutosha.

Kinachotukwamisha ni kwamba vipimo tunavyotumia vilikatwa kwa mwili na mazingira ya watu wengine. Nianze na chavua. Tiba ya kumzoesha mgonjwa kile kinachomdhuru ilianzia London mwaka 1911, Leonard Noon alipowachoma wagonjwa wake sindano za dondoo ya chavua ya nyasi iitwayo timothi, akianza na kiasi kidogo na kukiongeza taratibu. Zaidi ya karne moja baadaye njia hiyo bado ndiyo pekee inayogusa mzizi wa mzio wa chavua badala ya kutuliza dalili, na sasa ipo hata kwa vidonge vya kuweka chini ya ulimi, ambavyo hutumiwa kwa takribani miaka mitatu ili faida yake ibaki baada ya kuviacha. Lakini vidonge maarufu vya nyasi vimetengenezwa kwa timothi na jamaa zake, nyasi za nchi za baridi. Nyasi za Dodoma ni ukoka, ni jamii za mtama, ni zile ndefu za malisho ziitwazo kitaalamu Cenchrus ciliaris, na protini za chavua yake hazifanani vya kutosha na za timothi kiasi cha kuamini kwamba dawa ya moja itafaa kwa nyingine.

Waliolithibitisha hilo vizuri ni watafiti wa Queensland, Australia, jimbo lenye joto kama letu, walipoonyesha kwamba wagonjwa wao wengi kinga yao huzijibu zaidi nyasi za joto, ukoka ukiwemo na nyasi moja ambayo ni binamu wa mtama, kuliko nyasi za Ulaya. Kuna kichekesho humo: mbegu ya malisho iitwayo Biloela, ambayo ni aina ya hiyo Cenchrus na iliyopandwa sana na wafugaji wa huko, asili yake ni Dodoma, ilikochukuliwa katika miaka ya 1930. Nyasi zetu zilisafiri na zikachunguzwa ugenini. Kwenye kituo chochote cha afya cha hapa nilikopata kuingia sijaona kalenda ya chavua imebandikwa ukutani, hata ile ya kumwambia mama kwamba ukoka unachanua mwezi fulani na kwamba alizeti anayoilaumu bure ina chavua nzito inayobebwa na nyuki, si upepo.

Kipimo cha IgE nacho kina mtego wake. Minyoo na kichocho hupandisha IgE kuliko chavua inavyoweza, na baadhi ya sukari zilizomo katika protini za vimelea hivyo zinafanana na zile za mimea. Ghana watafiti walikuta watoto wa shule ambao damu yao ilikuwa na IgE dhidi ya karanga, na hali hiyo ikihusiana na maambukizi ya kichocho, ilhali wengi wao walipopimwa kwenye ngozi hawakuonyesha mzio wowote. Mpeleke mtoto wa Kongwa, wilaya ambayo Waingereza waliiletea matrekta ya mradi wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, akapimwe damu bila kupimwa choo na mkojo, na unaweza kuletewa karatasi inayomkataza karanga anazozila tangu alipoota meno.

Upande wa damu mtego ni mbaya zaidi, maana unagusa uhai. Mtoto mwenye lukemia, baada ya tiba nzito ya miezi ya mwanzo, huendelea na dawa iitwayo merkaptopyurini kila siku kwa muda wa karibu miaka miwili, na daktari hupandisha au kushusha dozi kwa kuangalia idadi ya nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Zikishuka mno, dozi hupunguzwa. Sasa, idadi kubwa sana ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara tuna badiliko katika jeni iitwayo ACKR1 linalofanya chembe zetu nyekundu zikose alama ya protini iitwayo Duffy. Badiliko hilo lilitukinga na aina moja ya malaria, na mwaka 2009 likatambuliwa pia kuwa sababu ya watu wenye asili ya Afrika kuwa na nyutrofili chache katika damu bila ugonjwa wowote. Kiwango cha 1,500 kwa kila maikrolita, ambacho chini yake vitabu husema mtu ana upungufu, kinaweza kuwa juu ya kiwango cha kawaida cha mtu mzima mwenye afya wa Mpwapwa. Daktari anayekifuata kitabu neno kwa neno anaweza kumpunguzia mtoto dawa inayomponya kwa sababu ya hesabu ambayo mtoto alizaliwa nayo. Ongeza hapo kwamba uwezo wa mwili kuivunja merkaptopyurini hutegemea jeni nyingine, TPMT, ambayo aina yake dhaifu iliyoonekana zaidi Kenya na Ghana si ile iliyozoeleka Ulaya. Na tusishangae kwamba mambo haya yalichelewa kujulikana: mapitio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba asilimia 81 ya washiriki wa tafiti kubwa za jenomu walikuwa na asili ya Ulaya, na asilimia 3 tu asili ya Afrika.

Wapo watakaosema, na nimekwisha kuambiwa hivyo na rafiki yangu anayefanya kazi katika zahanati moja ya Chemba, kwamba mkoa wenye udumavu, malaria na kifua kikuu hauna muda wa kuhesabu chavua. Namheshimu, maana yeye ndiye anayeamshwa usiku. Lakini mfano mzuri wa kumjibu umo katika lukemia yenyewe. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia waliona kromosomu moja fupi kuliko kawaida katika seli za wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago, akipanga vipande vya picha za kromosomu juu ya meza yake ya chakula, alitambua kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Kazi hiyo ya kutazama na kuhesabu ilizaa imatinibu, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001 na kuugeuza ugonjwa wa kuua ndani ya miaka michache kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Kidonge hicho kimewafikia Watanzania bila malipo kupitia Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, chini ya mpango wa msaada wa kimataifa. Na mashine ya GeneXpert, ambayo rafiki yangu anaifahamu kwa vipimo vya kifua kikuu, ina katriji nyingine inayopima kasoro hiyo hiyo ya kromosomu 9 na 22. Mashine ni moja, kinachobadilika ni katriji na bajeti yake. Tena Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, imekwisha kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, tiba ambayo asili yake ilitafutwa kwa ajili ya lukemia. Kwa hiyo mikono tunayo. Tunachokosa ni viwango vyetu wenyewe vya kuipima kazi ya mikono hiyo: nyutrofili za watoto elfu kadhaa wenye afya wa Kanda ya Kati, zikiandikwa pamoja na hali ya Duffy, na rejista ya kila mtoto anayegundulika na lukemia, yenye maswali ya malezi yaliyojibiwa kutoka kwenye kadi ya kliniki na si kutoka kwenye kumbukumbu ya mama aliyechoka. Na muuzaji wa duka la dawa aruhusiwe kumpa mama yule piritoni, lakini predinisoloni isitoke bila mtoto kupimwa picha nzima ya damu. Hilo la mwisho halihitaji utafiti wowote.

Chavua ndiyo rahisi kuliko yote. Charles Blackley, tabibu wa Manchester aliyekuwa akiteswa na chafya kila kiangazi, alipochapisha matokeo yake mwaka 1873 alikuwa amekwisha kurusha tiara zenye vioo vilivyopakwa kitu cha kunata ili ajue chavua hufika juu kiasi gani. Watoto wa Nkuhungu hutengeneza tiara kwa mifuko na njiti za fagio, na upepo hatununui. Mwaka jana mimi na mwalimu mmoja wa baiolojia tulipaka mafuta ya mgando kwenye kioo cha maabara, tukakifunga juu ya paa la darasa kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha tukakiweka chini ya hadubini. Vumbi lilikuwa jingi, kama ilivyotarajiwa. Katikati yake zilikuwamo punje za mviringo, safi kama shanga, kila moja na tundu moja dogo, ambazo mwalimu alisema ni za nyasi, na moja kubwa zaidi ya mara mbili ya hizo, ambayo ilikuwa ya mahindi, imedondoka kutoka shamba la nyuma ya uzio. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliomba aachiwe kile kioo azihesabu mwenyewe. Alichora mraba kwenye daftari, akaandika tarehe juu yake, akaanza na kona ya kushoto.